Mkono Wangu Ulipoulizwa

Kipindi cha tatu ndicho kilichokuwa kinanishinda. Cha kwanza niliandika ubaoni bila shida, cha pili mkono ulianza kuwa mzito, cha tatu chaki ilishuka yenyewe kutoka juu ya ubao hadi katikati, ikaacha mstari mrefu mweupe ambao sikukusudia kuuchora. Watoto wa darasa la nne walicheka. Nami nilicheka nao, nikafuta, nikaanza upya chini zaidi, karibu na kiuno, ambako mkono ulikubali kufanya kazi. Ulikuwa mwezi wa sita, Tunduma ina upepo na vumbi, na nilijiambia ni baridi tu.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Naitwa Raheli. Kwetu ni Ihanda, kwenye kahawa, ila niliolewa Tunduma na Amosi, karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo mpakani. Mungu hakutupa mtoto. Tulikuwa na Yunisi, mdogo wangu wa mwisho, tuliyemchukua akiwa na miaka saba baada ya baba yetu kufariki. Wakati ninaousimulia alikuwa na ishirini, amemaliza kidato cha nne, anajifunza cherehani kwa mama mmoja jirani. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na alipougua surua nilimbeba mgongoni mpaka hospitali.

Ninaandika haya kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja wa Vwawa, aliyepewa namba yangu na nesi, alinipigia simu akaniuliza, "Mwalimu, na wewe ilianzia kwenye macho?" Kabla sijajibu akaanza kulia. Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi, tukaendelea. Baadaye niliona kuwa niliyomwambia hayatoshi, na kwamba kuna mengine nilimficha kwa aibu. Hapa sitaficha.

Kwangu haikuanzia kwenye macho, lakini macho yalifuata upesi. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Ikifika saa nane mchana, kope ya kushoto inashuka kama ya mtu mwenye usingizi, na malori yaliyopanga foleni kuelekea Zambia nayaona mawili mawili, moja limepanda juu ya jingine. Kisha yakaja mataya. Nilikuwa natafuna ugali matonge matatu, la nne mataya yanagoma, nami nashika kidevu kwa mkono ili nimalizie. Kisha sauti. Somo la mwisho la siku nililifundisha kwa sauti ya puani, maneno yakivutana, na watoto wakaanza kuniigiza uwanjani.

Lakini kilichoniuma zaidi ni uso. Nilikuwa nikicheka, mashavu hayapandi. Mdomo unafunguka meno yanaonekana, basi. Jioni moja Amosi alinisimulia kisa cha dereva aliyelala kwenye foleni mpaka wenzake wakampita wote. Nilicheka kutoka moyoni. Akanitazama, akasema, "Sasa umenikasirikia nini?"

Nilimwambia nacheka.

"Hapo unacheka?" akauliza. Hakunisimulia kisa kingine kwa muda mrefu.

Nilizunguka zahanati. Nilipimwa malaria, nikapewa dawa za malaria. Nikapimwa damu, nikaambiwa imepungua kidogo, nikapewa vidonge vyekundu. Nilipewa dawa ya minyoo mara mbili. Kila mahali niliulizwa, "Unajisikiaje?" na kila mahali nilijibu, "Nachoka," na kila aliyenisikia aliandika kwamba nachoka. Nilipima na ule ugonjwa ambao watu wa mji wa mpakani wanaufikiria kwanza wakimwona mtu amepungua. Sina. Nikarudia tena baada ya miezi mitatu. Sina. Lakini majibu niliyasoma mimi na Amosi peke yetu, na mji mzima ulikuwa na majibu yake. Kanisani mwanamke niliyezoea kukaa naye akahamia benchi la nyuma. Shuleni mwalimu mkuu aliniita ofisini kuhusu "maneno kuvutana mchana", akasogeza kiti chake karibu na changu kuliko ilivyohitajika. Nikajua ananinusa, aone kama nimekunywa.

Mtu mmoja tu hakuniuliza chochote, naye ni Yunisi. Aliangalia. Baada ya wiki kadhaa aligeuza milo ya nyumba yetu bila kutangaza. Ugali, maharage na nyama vikaliwa asubuhi kabla sijaenda kazini, na jioni kukawa na uji wa lishe au viazi vilivyopondwa. Amosi alinung'unika, maana nani anakula ugali saa kumi na mbili asubuhi? Yunisi akamjibu, "Shemeji, asubuhi dada anatafuna." Na kwa vile sikuweza kuinua mikono kichwani, alinisuka kila Jumamosi, nikiwa nimekaa chini kati ya magoti yake kama mtoto. Yote hayo niliyaona ya kawaida, sikumshukuru hata mara moja.

Mama Tamari, tuliyeimba naye kwaya, ndiye aliyenipeleka kwa Bwana Mulenga. Huyo alikuwa Mzambia mwenye umri wa baba mdogo, mpole, mwenye kucha safi sana. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la vitenge, hatua chache kutoka mpakani. Alisomea kozi huko Afrika Kusini, na cheti chake alikitundika ukutani. Kazi yake ilikuwa kupima misuli. Sebuleni kwake kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na watu wa pande zote mbili za mpaka walikaa hapo tangu asubuhi, Waswahili na Wabemba, kila mmoja akisimulia namna hospitali zilivyoshindwa kumtibu. Nilipokaa kwenye benchi lile nilijisikia nafuu kabla hata ya kuitwa. Hakuna aliyehama.

"Mulishani, bamayo," aliniamkia kwa Kibemba, yaani hujambo, mama. "Karibu. Nani amekuumiza?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilimweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuandika.

"Hospitali wanauliza mashine," alisema. "Mimi nauliza mwili wenyewe. Mwili haudanganyi."

Alinisimamisha, akaniambia ninyooshe mkono wa kulia mbele yangu. Kwa mkono wa kushoto nikashika kichupa kifuani. Ndani ya vichupa alikuwa na vitu vya kula: chumvi, mahindi, maharage, mayai, karanga, maziwa, kahawa na vingine, vyote vimekaushwa na kusagwa. Kila nilipobadilisha kichupa, alikandamiza mkono wangu kwa vidole viwili juu ya kifundo. Mkono ukibaki juu, mwili umekubali. Ukishuka, umekataa. Chumvi, ulibaki. Mahindi, ulibaki, nikafurahi. Mchele, ulibaki. Maharage ukatikisika, ukashuka. Kutoka hapo vyote vikakataliwa: mayai, karanga, maziwa, nyama, samaki, kahawa ya kwetu Ihanda ambayo nimeinywa tangu utoto. Nilishangaa, lakini nilishangaa kwa furaha. Hatimaye kuna kitu kinachozungumza. Niliondoka na makopo mawili ya unga wa virutubisho na orodha ya vyakula vya kuacha.

Nilirudi kwake kila Alhamisi, Septemba yote na Oktoba yote. Nikisema nilidanganywa nitakuwa nimemwonea. Sikuwahi kumwona akicheka pembeni wala akimkonyeza mtu. Aliamini vidole vyake. Na mimi, niseme kweli, nilikwenda pia kwa sababu alinishika. Nyumbani Amosi alikuwa ameanza kunipita kama mtu anayepita karibu na ukuta uliopakwa rangi mbichi. Kwa Mulenga kuna mtu aliyeshika mkono wangu kwa uangalifu, akaniita mama, akasubiri jibu.

Nilikonda. Sketi zangu za kazini Yunisi alizipunguza kwenye cherehani, kisha akazipunguza tena. Mara ya pili akaniambia, pini zikiwa mdomoni, "Dada, huyu mtu anakunyima chakula."

"Si yeye. Ni mwili."

"Mwili wako naujua. Unakataa jioni tu."

Nilimwambia asiingilie mambo ya watu wazima.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanguka, mwezi wa kumi na moja, Mulenga aliposema kilichobaki si chakula. "Ni mtu," alisema. "Kuna mtu karibu yako anakunyonya nguvu. Huenda hata yeye hajui. Nitajie watu wako, mmoja mmoja."

Nilinyoosha mkono. Nilimtaja Amosi. Mkono ulibaki juu. Nilimtaja mama yangu. Ulibaki. Mwalimu mkuu, nikitamani ushuke, ulitikisika ukabaki. Mama Tamari. Walimu wenzangu wawili. Mama mkwe. Jasho lilikuwa linanitoka.

"Wameisha?"

"Wameisha."

"Ndani ya nyumba hakuna mwingine?"

Ndipo nikakumbuka. "Yunisi," nikasema.

Mkono ulianguka kama umekatwa. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ulianguka. Bwana Mulenga aliweka mkono wake begani kwangu, naye alionekana mwenye huzuni kweli.

Nilitembea nyumbani kwenye tope, na njia nzima mambo yakajipanga kichwani. Kwamba ugonjwa ulianza mwaka aliorudi kutoka sekondari. Kwamba ndiye anayepika. Kwamba ndiye anayeshika kichwa changu kila Jumamosi, na nywele zangu zinazong'oka anazichoma yeye. Mtu mpweke akipewa sababu ya upweke wake, haiachii.

Nilimkuta anakunja nguo zilizonyeshewa. Nilimwambia aende akakae kwa shangazi yetu Mbangala kwa muda, mpaka nipate nguvu.

"Muda gani?"

"Nitakuambia."

"Nimekosa nini, dada?"

Nilimweleza kuhusu mkono. Nilimweleza vizuri kama ninavyofundisha somo, hatua kwa hatua. Alinisikiliza akiwa ameshika shati la Amosi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani atakusuka?"

Asubuhi iliyofuata alipika ugali na maharage kama kawaida, akafunika kwa kawa, akaondoka na begi moja. Nilikaa chumbani mpaka nikasikia mlango. Maharage sikuyala. Yalikuwa kwenye orodha.

Amosi aliporudi mchana alitazama kitanda cha Yunisi, matandiko yamekunjwa, nami nikamweleza. "Umemfukuza mtoto kwa sababu ya mkono?" Alisema hivyo mara moja tu. Kuanzia siku hiyo akawa anakula kwa mama lishe karibu na ofisi, na nyumbani anakuja kulala.

Miezi miwili iliyofuata ndiyo sipendi kuikumbuka. Nilifunga kitambaa kichwani, nywele zikasokotana chini yake. Nilijipikia uji, nikauacha upoe, nikaunywa kwa vikombe vidogo nikiwa nimeinamisha kidevu, kwa sababu nikiinua kichwa unarudi puani. Shule ilinipa likizo ya ugonjwa. Nilikaa dirishani nikisikia malori yakinguruma kwenye foleni, na nikijaribu kuimba wimbo wa kwaya, ubeti wa pili sauti inakatika. Na bado nilikuwa dhaifu. Yunisi ameondoka na bado mkono unaanguka. Nilikwenda kwa Mulenga mwezi wa kwanza, nikitembea kwa kupumzika kila baada ya nyumba tatu. Nilinyoosha mkono. Alikandamiza bila kichupa, bila jina, ukaanguka. Akajaribu na chumvi. Ukaanguka. Nikaona uso wake umebadilika.

"Bamayo," alisema, "leo mwili wako haujibu."

"Nifanye nini?"

Alitazama cheti chake ukutani, akatazama vidole vyake. "Nenda nyumbani ukapumzike. Tuombe Mungu." Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nilijua ameogopa. Nilibaki nimesimama pale na watu wakipita na mizigo kwenda Nakonde, sina tena hata mtu mmoja anayesema anajua ninaumwa nini.

Mama yangu ndiye aliyenitoa. Alikuja kutoka Ihanda na kapu la viazi, akaniona nikijaribu kunywa maji, yakatokea puani. Alifungua kitambaa changu kichwani, akaona nywele, akakaa chini akalia. Kisha akanifunga kanga, tukapanda gari mpaka Mbozi, hospitali ya misheni. Daktari msaidizi wa pale, kijana, aliniangalia muda mfupi akasema, "Mama, huu ugonjwa sijawahi kuuona, ila nimeusoma. Sitakuchelewesha." Maneno hayo, sijawahi kuuona, ndiyo maneno ya kweli ya kwanza niliyoambiwa na mtu wa dawa. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa Mbeya, na Amosi akaja kunipeleka.

Tulisubiri kwenye benchi kuanzia asubuhi. Kufikia saa saba macho yote mawili yalikuwa yamefunga, na shingo haibebi kichwa. Nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilimsikia Amosi anasogea, kisha nikahisi kidole gumba chake juu ya jicho langu la kulia. Aliinua kope taratibu, akaishikilia. Nikamwona, uso wake karibu na wangu, ndevu hazijanyolewa.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona."

Alishikilia hivyo mpaka tukaitwa. Watu walitutazama.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru. Kwanza aliniacha nilale nusu saa kwenye kitanda cha chumbani kwake. Kisha akaniambia ninyooshe mkono. Nilipoona vidole vyake vinakuja juu ya kifundo changu, nilitaka kuurudisha mkono.

"Na wewe unauliza mwili?" nikamuuliza kwa sauti ya puani.

"Sina swali lolote," alisema. "Napima tu. Shikilia."

Alikandamiza. Mkono ukabaki. Akakandamiza tena, na tena, na tena, bila kichupa, bila jina la mtu, akihesabu. Mara ya sita ulilegea. Mara ya tisa ulianguka.

"Umeona?" alisema. "Nguvu unayo. Inakwisha haraka kwa kutumika, ukipumzika inarudi. Asubuhi uko vizuri?"

"Asubuhi mimi ni mzima."

"Mbona kwenye karatasi zako kila mahali wameandika 'anachoka' tu? Hakuna aliyegundua hilo la asubuhi na jioni?"

Nikataka kusema hakuna. Mdomo ulikuwa tayari kusema. "Mdogo wangu," nikasema. "Alikuwa ananipikia ugali asubuhi."

Ndipo iliponiingia akilini. Vichupa vya kwanza vilikubaliwa, vya mwisho vyote vikakataliwa. Majina ya kwanza yalikubaliwa. Yunisi hakuwa ananinyonya nguvu. Yunisi alikuwa wa nane.

Nililia, na hata kulia kwangu kulikuwa kubaya, kwa uso ule usiojua kujikunja. Daktari alidhani nimeogopa ugonjwa.

Walinichoma sindano ya kupima. Nesi alikaa karibu na saa mkononi. Sijui zilipita dakika ngapi, labda kumi. Kwanza manesi wawili wakawa mmoja. Kisha dirisha likawa moja. Kisha nikahisi uzito unanitoka kwenye kope kama mtu amenivua kofia. Nikameza mate, yakashuka yanakotakiwa kushuka. Amosi alikuwa amesimama mlangoni na faili langu. Nilimtazama kwa macho yote mawili, nikamchekea, na mara hii alijua ni kicheko, kwa sababu aligeukia ukutani akajifuta uso.

Sindano ile haikudumu. Jioni nilikuwa vilevile. Lakini nilishajua kuna upande wa pili, wa uzima.

Nililazwa wiki tano. Ugonjwa una jina refu ambalo daktari aliniandikia kwenye karatasi, nami nimeliweka ndani ya Biblia. Nilipewa vidonge vya kumeza kila baada ya saa nne, nusu saa kabla ya kula, na vingine vidogo vya asubuhi. Vile vya kwanza vilinikoroga tumbo. Vile vidogo vilinivimbisha. Yule mwanamke mwembamba aliyepunguziwa sketi akawa na uso wa duara, mashavu yamejaa, ndevu laini kidevuni. Daktari aliomba kuona makopo ya unga wa virutubisho, akasoma maandishi, akaweka moja kwenye droo yake na kusema, "Hili usiliguse tena, linazidisha ugonjwa wako." Wodini nilikuwa na kitanda cha karibu na mlango. Wenzangu walikuwa na wageni wengi, na mimi Amosi alikuja Jumamosi, maana kazi haikumruhusu zaidi. Siku nyingine nilihesabu saa kwa vidonge, si kwa watu. Mfanyakazi wa usafi, mama mmoja Msafwa, ndiye aliyenikata nywele zote kwa mkasi siku moja alipomaliza kudeki. "Zitaota," alisema. Hakutaka hata asante.

Nilirudi Tunduma mvua zikiisha. Amosi alianza tena kula nyumbani. Hatukuwahi kuyazungumza yale ya miezi ile. Tunaishi vizuri, lakini kuna mlango mmoja katika nyumba yetu ambao hakuna kati yetu anayeufungua.

Kiangazi kilipokolea, nilipata nguvu za safari, nikashuka Mbangala. Yunisi nilimkuta kwa shangazi, ameketi barazani na cherehani ya kuazima, anashona sare za shule. Alikuwa na mimba. Kuna kijana wa pale anayelima ufuta, wameshapelekana kwa wazazi. Sikuambiwa. Alisimama akanisalimia, "Shikamoo, dada," akanitazama uso uliovimba, akanipa maji na kiti.

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu daktari, kuhusu mkono kuchoka kwa kutumika, kuhusu majina. "Haukuwa wewe," nilisema. "Ulikuwa wa mwisho tu kutajwa. Ungetajwa wa kwanza, mkono usingeanguka."

Alishona mstari mmoja mpaka mwisho, akakata uzi.

"Kwa nini nilikuwa wa mwisho?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi njiani. Hilo sikujiandaa nalo. Nilimwambia kwamba hata sikumkumbuka mpaka nilipoulizwa, kwamba mtu hataji mkono wake mwenyewe anapotaja watu. Ni kweli, na haikutosha, na wote wawili tulijua haitoshi. Nililala pale siku mbili. Alinipikia ugali asubuhi. Nilipoondoka sikumwomba arudi, naye hakusema atarudi.

Bwana Mulenga nilikutana naye baadaye sokoni Nakonde, chumba chake cha Tunduma kimekuwa duka la simu. Aliniuliza kama nimepona. Nilimwambia sijapona, naishi na dawa, na nikamweleza kwa nini mkono ulikuwa unaanguka. Nilikuwa nimekusudia kumfokea. Alisikiliza mpaka mwisho, kama zamani. "Niliwauliza wengi," alisema, akaangalia vidole vyake. "Natotela, bamayo, asante kwa kuniambia." Tukaagana.

Kwa hiyo wewe mama wa Vwawa, na mwingine yeyote, nakuomba hivi. Usiende kwa daktari ukasema "nachoka". Sema unachoka saa ngapi. Sema asubuhi unatafuna na jioni hutafuni. Kama kuna mtu nyumbani anayekupikia, nenda naye, mwache aseme yeye. Dawa zikikaribia kuisha anza kuzitafuta mapema, maana huku kwetu hukosekana, na mara mbili nimeletewa na basi kutoka Dar es Salaam. Na mtu yeyote akikwambia mwili wako umemkataa mtu wako, rudi nyumbani, kaa na huyo mtu, kuleni.

Mwaka uliofuata, kahawa ilipoiva Ihanda, mama alituita wote kuchuma kama desturi. Sikutegemea Yunisi angekuja. Alikuja na mtoto wa kiume wa miezi tisa, mzito, mwenye miguu ya mikunjo. Siku ya kwanza tulichuma kila mtu mstari wake. Siku ya pili asubuhi alinifuata nilipokuwa nimekaa kwenye gunia nikipumzika, akafungua mbeleko, akanipa mtoto mikononi. Sikuwa nimewahi kumshika. Alisimama karibu sana.

"Ukichoka, sema," aliniambia.

Nilimshika. Mtoto alinivuta sikio, akanitazama uso kwa kituo, akacheka, nami nikamchekea, na uso wangu ulifanya kazi yake. Nilihisi mikono inaanza kutetemeka, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Zamani ningekaza meno. Ningesema naweza.

"Nimechoka," nikasema.

Akampokea.